Simu kwa Jina la Mjomba

Mocímboa da Praia, Jumatatu, 3 Machi 2025

Mjomba wangu Fauzi,

Leo ni tarehe tatu Machi, na kabla sijaandika kingine nakuahidi kwamba katika barua hii na zitakazofuata nitakuambia yote, hata yale ambayo Mama angependa niyaruke.

Asalaam aleikum, na shikamoo. Sisi hatujambo, leo tumefunga siku ya tatu. Mguu wa Bibi umepungua uvimbe, lakini ulimi wake haujapungua kitu. Amekataa vidonge vya hospitali kwa sababu aliyempa ni msichana mdogo kuliko mimi. Mama amerudi bandarini kukausha samaki na wenzake. Ernesto, dereva wa lori linalowachukua hao samaki mpaka kwenu Montepuez, ndiye atakayekuletea barua hii. Mimi niko darasa la kumi. Tuko sabini na mbili darasani, na katika majaribio ya mwezi uliopita nimekuwa wa nne.

Nilijaribu kukupigia kwa simu ya Yassine, yule mwenye kibanda cha simu sokoni. Mara nne, na kila mara sauti ya mwanamke inasema hupatikani. Mama alisema labda umebadilisha namba. Bibi alisema labda umeoa.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe kumi na tisa Februari, saa tisa alasiri, watu wa mtaa wetu wa Milamba walianza kukimbia. Ilisemekana wale watu wa porini wenye bunduki wameonekana njia ya Awasse. Hakuna aliyeuliza nani kawaona. Mama alikuwa bandarini. Nilimpakia Bibi kwenye mkokoteni wa jirani nikamsukuma mpaka kwenye mikorosho, tukajilaza chini. Bibi alinishikilia upindo wa kanga mdomoni nisilie kwa sauti. Tuliporudi kesho yake tulikuta watu wanafagia nyua zao. Wenye simu walipata ujumbe saa ileile kwamba ni uvumi, wakageuka njiani, wakarudi wakapika. Tuliobaki porini ni sisi na nyumba nyingine mbili zisizo na simu. Tangu simu ya Mama itumbukie kwenye pipa la maji ya chumvi, hatujui lolote mpaka tuwaone wengine wanakimbia. Siku hizi jirani akigonga mlango wake mwenyewe, miguu yangu inatafuta viatu kabla sijafikiri.

Kuna njia mbili. Kwa Yassine ipo simu ya meticais elfu sita, iliyokwisha kutumika. Unalipa zote, unaondoka nayo, huulizwi kitu. Mama ana elfu mbili na mia tano. Njia ya pili ni ya kampuni. Kijana mmoja anaitwa Yuran ameweka meza na mwavuli mbele ya soko, na mpaka mwisho wa Ramadhani ana punguzo: simu mpya ya elfu tisa, kwa mtumishi wa serikali kama wewe inashuka mpaka elfu saba, inakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara wake kwa mwaka mzima, pamoja na laini mpya na megas za intaneti za bure kila mwezi. Sisi tungekurudishia kila mwezi kwa mkono wa Ernesto. Yuran anataka kopi ya bilhete, yaani kitambulisho, ya mtumishi, kopi ya karatasi ya mshahara, na sahihi. Kopi zako ziko kwetu, ulizoziacha uliposhughulikia cheti cha kifo cha Babu.

Bibi anasema hata kukuuliza ni kukuaibisha. Anasema mtoto wa dada haombi kwa mjomba wake, anaingia ndani anachukua atakacho, hata kuku, na mjomba akinung'unika watu humcheka. Najua ndivyo tulivyo. Lakini mimi naona jina si kuku. Kwa hiyo naomba: tutumie jina lako, au tusitumie?

Mtoto wa dada yako,
Atija


Montepuez, 17 Machi 2025

Atija mwanangu,

Waaleikum salaam. Marahaba. Mwambie Bibi sijaoa. Mshahara wa mwalimu unamtosha mtu mmoja asiyekula sana. Mwambie pia ameze vidonge, kwa kuwa havina umri. Na wewe, wa nne kati ya sabini na mbili: nataka kujua hao watatu ni akina nani na wanakula nini.

Simu yangu imeharibika. Usinipigie tena kwa simu ya mtu.

Nunueni kwa Yassine. Lipeni zote mara moja, mwondoke nayo, iwe ya Mama. Nampa Ernesto elfu tatu na mia tano, zikiungana na za Mama zinatosha. Najua umekaa na kalamu ukaona kwamba ya kampuni ni mpya, ina megas, na haimuumizi mtu kwa siku moja. Hesabu yako ni sahihi na jibu langu ni hapana. Jina langu lisiwekwe kwenye mkataba wowote wala kwenye laini yoyote. Zile kopi zitie motoni leo, usingoje kesho. Bibi akisema nimekuwa mchoyo, mwache aseme.

Nimekufundisha mwenyewe kuuliza kwa nini. Safari hii usiulize.

Sikujua kwamba mlilala kwenye mikorosho. Hapo pa kanga nimepasoma mara nyingi.

Mjomba wako,
Fauzi


Mocímboa da Praia, 12 Aprili 2025

Mjomba wangu,

Asalaam aleikum, shikamoo. Bibi anameza vidonge, kimoja asubuhi, na kila kimoja anakitukana kwanza. Mama anakusalimu. Idi tulikula wali na kamba, na tulikutaja.

Barua yako ya tarehe kumi na saba Machi imefika jana. Ernesto alikwama Awasse wiki tatu pamoja na magari mengine, akingoja msafara uruhusiwe kupita. Pesa zimefika zote.

Mjomba, nilikuwa nimeshafanya.

Nilikuahidi yote, basi hii hapa. Tulikungoja mpaka tarehe ishirini na tisa, siku moja kabla ya punguzo kwisha. Mama alisema ndugu yake akinyamaza maana yake amekubali. Bibi alisema nimesoma mpaka nimemsahau mjomba ni nani. Nikamsukuma mpaka sokoni kwa mkokoteni uleule. Yuran aliangalia kopi zako akauliza mtumishi mwenyewe yuko wapi. Bibi akamjibu, "Mwenyewe ndiye huyu aliyesimama mbele yako. Au kwenu mjomba ni mtu wa nje?" Watu wakacheka, Yuran naye akacheka, akanipa kalamu. Nilitia sahihi yako. Naijua kwa sababu uliitia kwenye caderneta yangu, daftari la alama za shule, miaka mitatu niliyokaa kwako tulipokimbia vita. Niliiandika polepole, na nilijivunia.

Kwa siku tisa tulilala vizuri. Simu ilikuwa inakaa juu ya mtungi, na Bibi alikuwa anaisalimu asubuhi.

Tarehe nane Aprili, nikiwa natoka shule, ikaita. Mwanamume alizungumza Kireno kizuri, taratibu, kama watu wa maofisini. Aliuliza kama hiyo ni simu ya senhor Fauzi. Nilimwambia hupo hapa, wewe ni mwalimu Montepuez. Akauliza kama una laini nyingine, inayoishia na nne, moja, saba. Nikasema sijui. Akanishukuru akakata.

Sijamwambia Mama. Leo jioni nimeisoma tena barua yako, na nimeona kwamba ulijua jambo ambalo mimi silijui. Kopi sijazichoma, kwa sababu ziko kwa Yuran. Pesa ulizotutumia, zile elfu tatu na mia tano, zimefungwa kwenye leso, hatuzigusi.

Ni nani yule, Mjomba?

Atija


28 Aprili 2025

Atija,

Salamu kwa wote.

Zima simu. Usiiuze, usimpe mtu, usiitupe. Mtu yeyote akija nyumbani kuuliza, Mama ndiye ajibu, si wewe.

Niandikie kila neno mlilosemeshana na yule mtu, lake na lako, kwa mpangilio wake, hata "alô". Kila neno.

Barua hii usimsomee Bibi. Ernesto anipe barua zako mkononi mwangu tu, nitamfuata mwenyewe kwenye maegesho ya malori. Asizipeleke shuleni. Kwa sasa siendi shuleni.

Fauzi


Mocímboa da Praia, 11 Mei 2025

Mjomba wangu,

Asalaam aleikum, shikamoo. Bibi aliona bahasha akadai asomewe, nikamsomea barua niliyoitunga palepale. Ndani yake una kikohozi na unaomba dua. Nisamehe kwa kikohozi. Amekutumia asali, anasema usiichanganye na chai ya moto.

Haya ndiyo maneno. Nimeyaandika kama yalivyokuwa, kwa Kiswahili.

Yeye: Alô, habari za mchana. Hii ni simu ya senhor Fauzi?
Mimi: Nzuri. Ndiyo, lakini hayupo.
Yeye: Yuko wapi?
Mimi: Yeye ni mwalimu, yuko Montepuez.
Yeye: Na wewe ni nani?
Mimi: Ni Atija, mtoto wa dada yake.
Yeye: Simu hii ulipewa na nani?
Mimi: Na mjomba. Ametununulia yeye.
Yeye: Mjomba mwema. Huwa anawanunulia ndugu zake simu na laini?
Mimi: Ndiyo, yeye hatunyimi kitu.
Yeye: Anayo laini nyingine, inayoishia na 417?
Mimi: Sijui.
Yeye: Asante sana, binti. Soma vizuri.

Katika barua iliyopita niliyaruka ya katikati. Nilijua si kweli kwamba ulitununulia, lakini Bibi alikuwa ameniagiza niseme hivyo kwa yeyote atakayeuliza, ili tusionekane wezi. Nilipoona unataka kila neno, nilijua kwamba ni hayohayo niliyoyaruka.

Kuna jambo jingine. Nilifungua sanduku la Babu nione kama kuna kopi zako zilizobaki. Chini kabisa nilikuta kile kikadi cha plastiki ambacho chipu huvunjwa kutoka ndani yake. Namba iliyoandikwa inaishia na 417. Pembeni, kwa mwandiko wako, pameandikwa Rizuane.

Mjomba, wewe unajua, lakini naiandika ili uone kwamba nimeelewa. Kaka yangu Rizuane hakuwa na bilhete, yake iliungua na nyumba yetu. Wewe ulimnunulia laini kwa jina lako. Mwanzoni mwa mwaka jana alikwenda Mucojo kununua samaki, akachukuliwa na wale watu, na tangu siku hiyo Mama hataki jina lake litajwe ndani mpaka habari ije yenyewe. Nadhani laini ile bado ipo mikononi mwa mtu, na jina lililo juu yake ni lako. Sasa na mimi nimeongeza ya pili.

Simu nimeizima na kuifukia kwenye gunia la mchele. Hata hivyo nikiwa darasani naisikia inaita. Juzi askari walisimamisha watu njia ya bandarini wakikagua simu moja moja, na mimi niliyekuwa na madaftari tu nilishindwa kutamka jina langu. Askari alidhani ni bubu, akanisindikiza ng'ambo ya barabara.

Nimeelewa sawasawa, au nimekosea?

Atija


1 Juni 2025

Atija mwanangu,

Waaleikum salaam. Asali nimeila kwa mkate, kikohozi kimepona. Mshukuru Bibi.

Umeelewa sawasawa. Kwa kuwa umefika mwenyewe, hakuna faida ya kuendelea kukuficha, ingawa niliogopa barua kufunguliwa njiani na bado naogopa.

Tarehe kumi na mbili Februari watu wawili wa usalama walinifuata shuleni kwa gari. Walinikalisha ofisini kwao siku mbili. Hawakunipiga. Waliuliza jambo moja tu, kwa njia nyingi: nani anashika laini ya 417, maana Januari ilitumika porini huko upande wa Macomia, na ina jina langu. Niliwaambia kweli, kwamba niliinunua kwa ajili ya mtoto wa dada yangu na kwamba mtoto huyo alichukuliwa. Waliandika. Walichukua simu yangu. Ndiyo iliyoharibika. Mwisho walinipa karatasi nikatia sahihi kwamba sina laini nyingine yoyote kwa jina langu, na kwamba sijampa mtu mwingine laini wala simu.

Karibu wiki nane baadaye wakaangalia orodha ya kampuni, wakakuta laini mpya kwa jina la Fauzi, Mocímboa da Praia, mikononi mwa msichana anayesema mjomba amemnunulia na huwa anawanunulia wengine. Wewe ulikuwa unanisifu. Jaribu kuyasoma maneno hayo kama wanavyoyasoma wao.

Nimetakiwa kwao Jumatatu tarehe ishirini na tatu Juni, saa mbili asubuhi. Nitasema sahihi ya mkataba ni yangu, kwamba nilisahau, kwamba nilipumbazwa na punguzo. Wakinishika, watanishika kwa uongo wa mtu mzima. Wakijua ni wewe, ni sahihi ya kughushi, na shule haitakupokea tena. Usije. Una mitihani.

Usijilaumu sana. Mwaka niliomnunulia Rizuane laini nami sikuuliza kama jina ni kuku. Aliingia akachukua, nikacheka.

Kuhusu namba ile, kama iko hai au imekufa, na mengineyo, usiniulize.

Fauzi


Mocímboa da Praia, Jumapili, 15 Juni 2025

Mjomba wangu,

Asalaam aleikum, shikamoo. Bibi mzima, mguu umerudi kuwa mguu. Mama anakusalimu, na safari hii salamu ni zake kweli, maana nimemwambia yote.

Nilimwambia Jumatano bandarini, katikati ya chanja za samaki, kwa sababu nyumbani nisingeweza. Nililitaja jina la Rizuane. Aliendelea kugeuza samaki mpaka mstari ukaisha, kisha akanawa mikono akasema, "Twende kwa huyo kijana." Tulipita nyumbani tukachukua leso yenye pesa zako. Mabati kumi tuliyokuwa tumeyaweka kwa ajili ya paa ameyauza njiani, kwa fundi wa kwanza aliyetaja bei.

Yuran alieleza kwamba anayelipa zote kabla ya mwaka anapoteza punguzo, na elfu mbili zinarudi juu. Alishauri tungoje. Mama akamwambia, "Punguzo lako lichukue. Mimi nipe karatasi." Kwa hiyo simu ile tumeinunua mara moja, kwa bei kubwa kuliko ya mtu yeyote hapa mjini, na karatasi inasema ni ya Mama. Laini imefungwa. Nilimwomba Yuran kopi ya mkataba. Alisita, nadhani naye anaogopa kwa kuwa alinipa kalamu, lakini Mama hakuondoka mezani mpaka ikatoka.

Mjomba, usiseme sahihi ile ni yako. Nimeiweka kando ya caderneta yangu nikaitazama na professora Felisbela, mwalimu wangu wa Kireno. Mkia wa F yako unakwenda kulia. Wangu umekwenda kushoto. Mtu yeyote mwenye macho ataona, na wakiona umesema uongo mdogo mbele yao, hawataamini lile kubwa ulilosema kweli.

Nitakuja. Tutaondoka Alhamisi tarehe kumi na tisa na Ernesto, mimi na professora, ambaye ameomba ruhusa akasema anakwenda kumwona daktari. Nitabeba mkataba, karatasi ya malipo na caderneta. Nitawaambia nilitia sahihi mimi, kwamba wewe ulikataa kwa maandishi tarehe kumi na saba Machi, na barua yako nitawaonyesha. Nitawaeleza kwamba kwetu mtoto wa dada huchukua bila kuomba, kama wana dada watanielewa. Shule ikinifukuza, nitageuza samaki na Mama. Naogopa sana. Nimeandika sentensi hii mara tatu na kila mara ni kweli.

Kila jioni professora ananiuliza maswali kwa Kireno, anakunja uso kama yeye ndiye ofisa, ili nizoee. Nayajibu yote, isipokuwa moja, na ndilo lile ulilonikataza. Nimelifuata agizo lako mpaka leo. Lakini wataniuliza mbele yako, na wataangalia uso wangu kabla ya kusikiliza jibu langu. Nisipojua nitakuwa naogopa ukweli usiokuwepo, na wataiona hofu hiyo waiandike. Nikijua, angalau nitajua mahali pa kunyamaza.

Ernesto anatoka leo. Atalala Montepuez siku moja, na Jumatano atakuwa hapa kutuchukua. Mpe jibu mkononi, hata kama ni neno moja kwenye kipande cha gazeti. Mama anajua ninachokuuliza. Amekaa karibu yangu sasa hivi, na ndiye aliyesema niliandike jina la kaka bila kulificha.

Mjomba, tangu achukuliwe, Rizuane amewahi kukupigia?

Atija